Saini mbili za mtafiti mmoja: kesi ya Stanford na Roche kuhusu fedha za serikali na umiliki wa uvumbuzi

Juni 6, 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimaliza mvutano wa karibu miaka 6 kati ya Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya Roche Molecular Systems. Chuo kilikuwa na hataza tatu mkononi (hati za serikali zinazompa mtu haki ya kipekee juu ya uvumbuzi), fedha za serikali zilizolipia sehemu ya utafiti, na sheria ya mwaka 1980 ambayo ofisi nyingi za utafiti vyuoni zilikuwa zikiisoma kana kwamba inawapa moja kwa moja kila kinachovumbuliwa kwa fedha hizo. Roche ilikuwa na fomu ya wageni iliyosainiwa zaidi ya miaka 20 nyuma. Fomu ikashinda, kwa kura 7 dhidi ya 2.

Kesi hii hufundishwa zaidi katika madarasa ya sheria ya hataza. Lakini kwa anayeandaa maombi ya ruzuku ya utafiti wa msingi ambamo chuo na kampuni wanashirikiana, hiki ni kisa cha utawala: nani alisaini nini, lini, na nani hakuambiwa.

Kila upande ulikuwa na alichokosa mwenzake

Cetus, ambayo kazi yake ya PCR ilikuja kununuliwa na Roche, ilikuwa kampuni ndogo ya utafiti huko Emeryville, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco ukitokea Stanford. Humo ndimo ilimozaliwa PCR, mbinu ya kurudufisha vipande vya DNA iliyompatia Kary Mullis Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Kuanzia 1985 Cetus ilikuwa ikitafuta namna ya kupima kiasi cha VVU kilichomo katika damu. Ilikuwa na vitendanishi, mashine na watu walioijua PCR kuliko mtu yeyote duniani. Ilichokosa ni wagonjwa.

Stanford walikuwa nao. AZT, dawa ya kwanza dhidi ya VVU kuidhinishwa Marekani, ilitoka 1987, na madaktari wa magonjwa ya kuambukiza wa chuo hicho walikuwa wakijaribu dawa nyingine mpya, sehemu ya kazi yao ikigharimiwa na NIH, taasisi za taifa za afya. Kikwazo kilikuwa kipimo. Kuhesabu seli za CD4 kulionyesha kinga ya mgonjwa imeshuka kiasi gani, si virusi vingapi vimebaki. Kipimo cha antijeni ya p24 kiligusa virusi vyenyewe, ila kwa wagonjwa wengi hakikuonyesha kitu. Mwaka 1988 pande hizo mbili zikaanza kufanya kazi pamoja.

Inafaa kusimama kidogo kwenye mbinu yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyomlazimu mtafiti wa chuo kwenda kukaa katika maabara ya kampuni. VVU hubeba taarifa zake za urithi katika RNA, ilhali PCR hufanya kazi kwenye DNA. Kwanza RNA hugeuzwa kuwa DNA kwa kimeng'enya maalumu. Kisha kila mzunguko wa kupashwa joto na kupozwa hurudufisha kilichopo: 1 huwa 2, 2 huwa 4, na baada ya mizunguko 30, kinadharia, nakala moja imezaa zaidi ya bilioni 1. Uzuri huo ndio ugumu wake. Kuona kitu mwishoni hakukuambii ulianza na kiasi gani, na uchafu mdogo ulioingia mwanzoni nao umekuzwa mara bilioni. Inabidi uendeshe sambamba sampuli ambazo kiasi chake unakijua, na uamue usimame kwenye mzunguko wa ngapi. Dai la msingi la hataza ya kwanza ya Stanford lilikaa hapo hapo: chukua plazma ya mgonjwa anayetumia dawa, endesha PCR kwa mizunguko takriban 30, angalia kama chembe za urithi za VVU zinaonekana, na kwa jibu hilo pima kama dawa inafanya kazi.

Anayehudhuria CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU Tanzania, na kusubiri majibu ya wingi wa virusi anasubiri jibu la swali hilo hilo. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha wingi wa virusi kama njia kuu ya kufuatilia matibabu, na mashine za Roche ni miongoni mwa zinazokifanya. Mgogoro wa Stanford haukuwa juu ya kitu kidogo.

Karatasi zilivyofuatana

Dkt. Mark Holodniy alijiunga na Stanford mwaka 1988 kama mtafiti katika idara ya magonjwa ya kuambukiza. Mwezi Juni alisaini fomu ya chuo kuhusu hakimiliki na hataza. Ndani yake alisema kwamba *anakubali kuhamishia* chuo haki zake katika uvumbuzi utakaotokana na ajira yake.

Desemba mwaka huo Stanford na Cetus walisaini mkataba wa vifaa. Cetus ingetoa vifaa na maarifa ya PCR. Kwa malipo yake ingepata leseni fulani katika teknolojia ambayo Stanford ingeitengeneza kwa kuvitumia. Msimamizi wa Holodniy, Dkt. Thomas Merigan, naye alikuwa na mkataba wa ushauri na Cetus. Mpaka hapo hakuna la ajabu. Ukifungua kabati la mradi wowote wa chuo na kampuni utakuta karatasi kama hizo tatu, na huenda hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuzisoma zote kwa pamoja.

Holodniy hakuwa mzoefu wa PCR, hivyo Merigan alimpangia aende kujifunza na kufanya utafiti Cetus. Februari 1989, kama sharti la kuruhusiwa kuingia, alisaini fomu ya usiri ya wageni. Fomu hiyo ilimfunga kutunza siri, kama jina lake linavyosema, lakini ilikuwa na sentensi nyingine: kwamba *atahamishia, na kwa hati hii anahamishia*, Cetus haki zake zote katika mawazo, uvumbuzi na maboresho yatakayopatikana kutokana na kuruhusiwa kwake kuingia humo.

Kwa miezi 9 iliyofuata alifanya utafiti Cetus pamoja na wafanyakazi wa kampuni, na hapo ndipo mbinu ya kupima wingi wa VVU ilipopatikana. Akarudi Stanford, wakaijaribu kwa sampuli za wagonjwa. Mei 1992 chuo kiliwasilisha ombi la hataza, na katika miaka iliyofuata kikakusanya hati za kuhamisha haki kutoka kwa wavumbuzi, Holodniy akiwemo. Hataza ya kwanza ilitolewa 1999, ya pili 2003, ya tatu 2006.

Upande wa pili nao haukulala. Mwaka 1991 Roche ilinunua mali za PCR za Cetus kwa dola milioni 300, pamoja na haki zote ambazo Cetus ilikuwa imezipata kupitia mikataba ya aina ya ile ya wageni. Roche ikatengeneza vifaa vya kupima wingi wa VVU, vikaenea hospitalini duniani kote.

Kwa nini Stanford ilitumia maneno legelege kiasi kile? Si uzembe wa karani. Mwongozo wa utawala wa chuo wakati huo ulisema wazi kwamba, tofauti na viwanda na vyuo vingine vingi, sera yake inaruhusu haki zibaki kwa mvumbuzi pale inapowezekana. Ilikuwa sera ya kuwaheshimu watafiti, na fomu iliandikwa kuifuata. Mahakama ya rufani baadaye iliichukua sentensi hiyo ya mwongozo kama ushahidi kwamba Stanford yenyewe haikukusudia kuchukua umiliki papo hapo.

Sheria ambayo kila mtu alidhani anaijua

Sheria ya Bayh-Dole ilipitishwa Desemba 1980. Kabla yake serikali ya Marekani ilikuwa imejilimbikizia hataza zipatazo 28,000, na kwa takwimu iliyonukuliwa sana enzi hizo, zisizofika asilimia 5 ndizo zilizopewa leseni ya kibiashara. Sheria ikaruhusu vyuo, mashirika yasiyo ya faida na kampuni ndogo kubaki na umiliki wa uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali.

Masharti yake yana tarehe. Mpokeaji fedha atoe taarifa kwa wakala wa serikali ndani ya miezi 2 tangu mvumbuzi alipoandika taarifa kwa ofisi inayohusika. Ndani ya miaka 2 tangu taarifa hiyo, aseme kwa maandishi kama anabaki na umiliki. Ndani ya mwaka 1 baada ya hapo awasilishe ombi la hataza, au mapema zaidi ikiwa muda wa kisheria wa kuomba unakaribia kuisha kwa sababu matokeo yameshachapishwa. Serikali hupata leseni ya kuutumia uvumbuzi bila malipo. Mvumbuzi hupata mgawo wa mrabaha, yaani malipo yanayotokana na leseni. Na katika mazingira maalumu serikali inaweza kulazimisha leseni itolewe kwa mwingine. Anayepuuza hatua hizi hupoteza kweli: mwaka 2004 kampuni iitwayo Campbell Plastics ilinyang'anywa umiliki wa uvumbuzi wake uliotokana na mkataba wa jeshi, kwa kuwa haukutajwa kwa namna na kwenye fomu iliyotakiwa.

Stanford haikuanguka hapo. Ilitoa taarifa, ikaipa serikali leseni yake, ikaiandikia NIH kwamba inabaki na umiliki. Tatizo lilijificha katika maneno ambayo watu huyapita haraka. Sheria inahusu "uvumbuzi wa mpokeaji fedha" uliobuniwa, au uliofanywa ufanye kazi kwa mara ya kwanza, katika kutekeleza mradi. Stanford ilisoma maneno hayo kumaanisha uvumbuzi wowote wa watumishi wa mpokeaji. Roche ikasema hapana: ni uvumbuzi ambao mpokeaji anaumiliki tayari.

Mahakamani, ngazi kwa ngazi

Mwaka 2000 Stanford iliieleza Roche kuhusu haki zake na kuipa nafasi ya leseni. Mazungumzo hayakuzaa kitu, na 2005 chuo kikafungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya California Kaskazini kikidai Roche inakiuka hataza. Roche ikajibu: hatuwezi kukiuka hataza ambayo nasi ni wamiliki wake.

Mahakama ya kwanza ilikubali kwamba fomu ya wageni ilihamisha haki zozote alizokuwa nazo Holodniy, lakini ikasema hakuwa nazo, kwa kuwa Bayh-Dole ilikuwa imekipa chuo nafasi ya kwanza. Ushindi huo haukuifaa sana Stanford, maana mahakama hiyo hiyo iliona uvumbuzi wenyewe ni wa dhahiri mno kustahili hataza.

Mwaka 2009 mahakama ya rufani ikapindua hoja ya umiliki. Fomu ya Stanford, ilisema, ni ahadi ya kuhamisha haki siku za mbele. Fomu ya Cetus imehamisha yenyewe. Kisheria, uhamisho wa papo hapo wa kitu ambacho bado hakijakuwepo hukaa ukisubiri. Uvumbuzi unapozaliwa, umiliki unaruka moja kwa moja kwenda kwa aliyehamishiwa. Kwa hiyo Holodniy aliposaini hati ya uhamisho kwa Stanford miaka kadhaa baadaye, hakuwa na cha kuhamisha.

Stanford ilijitetea kwa njia mbili nyingine, na zote zina faida kwa anayeendesha ofisi ya ruzuku. Ya kwanza ni usajili. Sheria ya hataza inasema uhamisho usiosajiliwa ofisi ya hataza ndani ya miezi 3 hauna nguvu dhidi ya mnunuzi wa baadaye asiyejua habari zake, na Cetus haikuwa imeisajili fomu ya wageni. Mahakama ikajibu kwamba Stanford haiwezi kudai haikujua: Holodniy alikuwa mtumishi wake, na alichokijua kuhusu saini yake kinahesabiwa kuwa chuo kilikijua. Ya pili ni kupitwa na wakati. Hapo Stanford ilipata nusu: Roche ilikuwa imechelewa kuomba itangazwe kuwa mmiliki, lakini haikuwa imechelewa kuutumia umiliki huo kama ngao.

Na ngao ilitosha, kwa sababu ya jinsi umiliki wa pamoja unavyofanya kazi Marekani. Kila mmiliki mwenza wa hataza anaweza kuitumia apendavyo bila ruhusa ya mwenzake na bila kumgawia chochote, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Tena, kesi ya ukiukaji hufunguliwa na wamiliki wote kwa pamoja. Roche haikuhitaji kuthibitisha kwamba hataza ni zake zote. Sehemu iliyotoka kwa mvumbuzi mmoja ilitosha kuifanya isishtakiwe. Chuo kikabaki na vyeti vitatu ambavyo mshindani mkubwa kuliko wote angeweza kuvipuuza. Na kwa kuwa Stanford haikuwa na haki ya kushtaki peke yake, hata uamuzi kwamba hataza ni batili ulifutwa. Ubora wa sayansi haukuwahi kufika hatua ya mwisho.

Katika Mahakama ya Juu serikali yenyewe iliiunga mkono Stanford. Seneta mstaafu Birch Bayh, ambaye jina lake limo katika sheria, alifanya vivyo hivyo. Haikusaidia. Jaji Mkuu John Roberts, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alianzia mwaka 1790: tangu sheria ya kwanza ya hataza, haki katika uvumbuzi huanza kwa mvumbuzi, na kuajiriwa peke yake hakumpi mwajiri chochote. Bunge likitaka kumnyang'anya mvumbuzi haki hiyo huandika waziwazi, kama lilivyofanya katika masuala ya nyuklia na katika mikataba ya NASA. Bayh-Dole haikuandika hivyo. Inasema mpokeaji anaweza "kubaki na" umiliki, na mtu hubaki na kile alichonacho. Roberts aliongeza hoja ya kiutendaji ambayo haina majibu mepesi: kwa usomaji wa Stanford, dola moja ya serikali ikiingia katika mradi ingetosha kumvua haki mvumbuzi, hata kwa wazo alilokuja nalo kabla hajaajiriwa, ilimradi lilijaribiwa kwa mara ya kwanza ndani ya mradi.

Kwa maoni yetu, juu ya Bayh-Dole walio wengi walisoma sheria sawasawa. Kasoro iko kwenye kanuni ya pili, ile ya "nakubali kuhamisha" dhidi ya "nahamisha", na hapo Jaji Stephen Breyer, aliyepinga pamoja na Ruth Bader Ginsburg, ana hoja nzito. Kanuni hiyo ilitokana na uamuzi wa mahakama ya rufani katika kesi ya FilmTec wa mwaka 1991. Holodniy alisaini fomu zake 1988 na 1989. Kwa uelewa wa kabla ya hapo, aliandika Breyer, fomu zote mbili zingetoa haki za kiusawa tu, yaani haki ya kudai kuhamishiwa, si umiliki kamili. Na kati ya madai mawili ya namna hiyo, Stanford iliyotangulia na tena ikapata hati baada ya uvumbuzi ndiyo ingeshinda. Jaji Sonia Sotomayor, ingawa aliunga mkono hukumu, alisema anashiriki wasiwasi huo. Lakini swali hilo halikuwa limeletwa rasmi mbele ya mahakama, likaachwa lilivyo. Bado liko hivyo, na ndiyo maana wakati wa vitenzi kwenye fomu unaendelea kuamua nani mwenye mali.

Kilichobadilishwa, na pengo lililobaki

Vyuo vilikimbilia fomu. Stanford iliandika upya yake iwe ya uhamisho wa papo hapo na kuwataka watu wasaini tena. University of California, yenye maelfu ya watumishi, ilifanya vivyo hivyo mwaka huo wa 2011.

Serikali ilichukua muda zaidi. Kanuni mpya za Bayh-Dole zilianza kutumika Mei 14, 2018. Sasa mkataba wa ruzuku unamtaka mpokeaji awe na makubaliano ya maandishi ambamo watumishi wake, ukiondoa makarani na wasio wa kitaalamu, wanatakiwa kumhamishia haki zote katika uvumbuzi wa mradi. Kanuni hizo pia ziliondoa ukomo wa siku 60 ambao serikali ilikuwa nao wa kudai umiliki pale mpokeaji alipochelewa kutoa taarifa. Zamani uzembe uliosahaulika ulijifunika wenyewe; sasa unaweza kufufuliwa wakati wowote.

Kanuni inazungumzia watumishi. Maabara za vyuo zimejaa wasio watumishi: mwanafunzi wa uzamili anayelipwa na shirika jingine, mtafiti mgeni, mhandisi wa kampuni mshirika anayekuja siku mbili kwa wiki, daktari mwenye ajira katika hospitali na cheo cha heshima chuoni. Kila mmoja wao anaweza kuwa mvumbuzi mwenza, na mvumbuzi mwenza mmoja asiyefungwa na karatasi anatosha kurudisha hali ya Roche.

Taasisi nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda zimekuwa zikipokea fedha za NIH, moja kwa moja au kupitia chuo cha Marekani kilichoshika mkataba mkuu, na masharti ya kutoa taarifa za uvumbuzi huja pamoja na fedha. Sheria ya nyumbani inaweza kuwa tofauti na ile ya Marekani mwanzoni kabisa. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, humpa mwajiri haki ya hataza kwa uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira, mkataba usiposema vinginevyo. Hiyo ni afadhali kwa chuo, lakini maneno "mkataba usiposema vinginevyo" ndiyo mlango, na mwanafunzi hana mkataba wa ajira hata kidogo. Kazi ikifanyika katika maabara ya mshirika Marekani, karatasi atakayosaini kule itasomwa kwa sheria ya kule.

Kabla mtu wa kwanza hajavuka geti la mshirika

Andaa orodha ya watu, si ya nafasi. Kila anayegusa sampuli, data au programu za mradi aandikwe jina, anayemlipa, na tarehe aliyosaini uhamisho wa haki. Safu ya tarehe ndiyo inayofanya kazi: mtu aliyeanza Machi na kusaini Juni ana miezi mitatu ya mawazo yasiyo na mwenyewe anayejulikana. Maneno ya fomu yawe "nahamisha kwa hati hii", yakifuatwa na ahadi ya kusaini hati nyingine zitakazohitajika, maana ofisi ya hataza itataka hati ya kila ombi peke yake.

Kisha omba kampuni ikutumie, kabla ya ziara, kila karatasi ambayo mgeni atatakiwa kuisaini: ya mapokezi, ya usalama wa maabara, ya kupata nywila ya mtandao. Kampuni nyingi siku hizi humpa mgeni kompyuta ndogo mapokezi abonyeze "nakubali", na masharti ya umiliki huwa kwenye ukurasa usiofunguliwa. Watafiti huona aibu kusoma huku mwenyeji anawasubiri. Dawa yake ni barua moja ya ofisi ya utafiti kwenda kwa kampuni, iliyosainiwa na pande zote: wageni wa chuo hufungwa na usiri tu, hawana mamlaka ya kuhamisha haki za uvumbuzi, na karatasi yoyote ya ziara inayopingana na mkataba mkuu wa ushirikiano haina nguvu. Sentensi hiyo ya mwisho iwemo pia ndani ya mkataba mkuu wenyewe. Kama Stanford na Cetus wangeiweka katika mkataba wa Desemba 1988, fomu ya Februari ingekosa meno.

Kampuni nayo ina hoja ya haki. Ilileta PCR, vitendanishi na wataalamu. Haiwezi kukubali kwamba mgeni aje ajifunze, aondoke, kisha arudi kuishtaki. Ikipewa jibu mapema hailazimiki kujilinda kwa fomu za mlangoni. Jibu la kawaida ni kuorodhesha kwa kila upande kile ulichokuja nacho, na kuandika kwamba kinabaki chake. Kinachozaliwa kwa pamoja kigawanywe kwa kufuata nani alikivumbua. Na kampuni ipate muda wa kwanza wa kujadiliana leseni, ukihesabiwa tangu siku ilipopewa taarifa. Mikataba ya ushauri ya maprofesa iletwe mezani wakati huo huo. Profesa anayelipwa na kampuni kwa ushauri na pia anaongoza mradi wa serikali kuhusu jambo hilo hilo ana mikataba miwili inayodai wazo moja, na yeye ndiye wa mwisho kuligundua hilo.

Daftari za maabara zionyeshe mahali, si tarehe tu. Katika kesi hii swali la kipi kilipatikana "kutokana na kuruhusiwa kuingia" Cetus na kipi kilikuwa cha Stanford lilijibiwa miaka mingi baadaye, watu wakikumbuka. Mstari mmoja wa juu ya ukurasa, unaosema kazi imefanyika katika maabara gani na kwa vifaa vya nani, hugharimu sekunde chache.

Ikigundulika kwamba mtafiti ameshasaini fomu yenye uhamisho, usimpe asaini ya kwako juu yake ukadhani umeponya. Hivyo ndivyo Stanford ilivyofanya, na karatasi yake ya pili ilikuwa tupu. Anayeweza kurudisha haki ni yule aliyezipokea. Andika kwa kampuni, omba hati ya kurejesha haki kwa mtafiti au kwa chuo, taja fomu kwa tarehe yake, na hati ikipatikana isajiliwe ofisi ya hataza ndani ya miezi 3. Ombi hilo lipelekwe mradi ukiwa bado hauna matokeo. Kampuni ikishanunuliwa na nyingine, mtu wa kumwandikia huwa ni mwanasheria wa mnunuzi.